Mbwa anajikuna kila mwaka msimu ule ule: dawa ya viroboto ni ya mwaka mzima au ya msimu?

#1 Kijito_Baridi
Wakuu salaam. Nina mbwa dume wa miaka minne, chotara, anaitwa Radi. Huu ni mwaka wa tatu mfululizo: mvua zikikolea na nyasi zikirefuka, anaanza. Anajing'ata kiunoni karibu na shina la mkia mpaka manyoya yanang'oka, na usiku analamba nyayo mpaka tunamsikia tukiwa chumba cha pili. Ikipita miezi miwili mitatu anapoa mwenyewe, manyoya yanarudi, nasi tunasahau.

Dawa ya matone ya shingoni nampaka msimu huo tu. Mke wangu anasema ama nimpake mwaka mzima ama niache kabisa, hii ya kuruka ruka ni kumwaga dawa. Mimi miezi mingine simwoni hata kiroboto mmoja, sasa namkinga na nini? Nani yuko sahihi hapa? Na kwa nini iwe msimu ule ule kila mwaka?

#2 MkiaMfupi
Viroboto. Shemeji yuko sahihi. Uzi ufungwe.

#3 Nyuki_wa_Usiku
Usifungwe. Mleta uzi kasema mbwa analamba nyayo. Nyayo, makwapa, masikio na tumbo, hiyo ni chavua. Wa kwetu tunamchana kwa kitana chembamba kila Jumapili, kiroboto hana, lakini nyasi zikianza kutoa maua tu, kazi imeanza. Mtu chavua ikimkataa anapiga chafya na macho yanamtoka machozi. Mbwa yanamtokea kwenye ngozi. Wetu alianza akiwa na mwaka na nusu, na daktari wa mifugo alituambia wengi huanza hapo, kati ya miezi sita na miaka mitatu. Huyo Radi ana minne na huu ni mwaka wa tatu. Piga hesabu.

#4 MkiaMfupi
Na shina la mkia umelirukia wapi? Hapo ndipo nyumbani kwa kiroboto. Tena mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto hahitaji kuwa na jeshi zima. Wawili watatu wakimuuma, basi, wiki nzima anajitafuna. Na kwa sababu anajitafuna, viroboto wenyewe anawameza. Ndiyo maana huwaoni.

#5 Babu_Kasuku
Vijana mnapenda makuu. Mimi nimefuga mbwa toka sijaota ndevu, hakuna matone hakuna vidonge. Unasaga kitunguu saumu unachanganya kwenye chakula, kiroboto akisikia harufu anahama mwenyewe.

#6 Benchi_la_Kliniki
Babu, shikamoo, lakini hili naomba nikupinge mapema kabla mtu hajaingia jikoni. Kitunguu saumu na vile vya kawaida, vibichi, vilivyopikwa au vya unga, vinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Za paka ndiyo zaidi. Mnyama anaishiwa damu taratibu, ufizi unapauka, na wewe unasema "siku hizi kapoa, amezeeka". Nimefanya kazi ya usaidizi kliniki ya wanyama miaka kadhaa na hao tumewapokea.

Kwa mleta uzi: kabla ya kubishana, fanya jaribio la karatasi. Mchane juu ya karatasi nyeupe iliyolowa maji. Vile vidoa vyeusi kama punje za pilipili manga vikidondoka vikatoa rangi nyekundu ya kutu, hiyo ni damu iliyomeng'enywa, kinyesi cha kiroboto. Vikibaki vyeusi ni uchafu wa kawaida.

#7 Babu_Kasuku
Marahaba. Mbwa wangu aliishi miaka kumi na mitatu na kitunguu chake.

#8 MkiaMfupi
Babu, labda angeishi kumi na sita.

#9 Babu_Kasuku
😂 Haya.

#10 Kijito_Baridi
Asante @Benchi, kesho nafanya hilo la karatasi. Lakini swali langu la msingi bado. Miezi ya ukavu viroboto wanakwenda wapi?

#11 MkiaMfupi
Hawaendi popote, wamo ndani mwako. Jike mmoja anataga mayai 500 kwa siku, yote yanamwagika kwenye zulia na kwenye kochi lako.

#12 Benchi_la_Kliniki
Punguza sifuri moja @MkiaMfupi, ni 40 mpaka 50 kwa siku. Hayo nayo si haba.

Ila hoja yake ni ya kweli. Wale wakubwa unaowaona kwenye manyoya ni sehemu ndogo sana ya ukoo, kama asilimia 5. Waliobaki ni mayai, viluwiluwi na vifukofuko vilivyojificha kwenye nyufa za sakafu, chini ya mto wa mbwa, kwenye pindo za zulia, popote penye kiza. Ule wa kifukofuko ndio mjanja. Amejisokotea hariri inayonata, vumbi limemfunika, na dawa unayopuliza haimfikii. Anaweza kukaa humo miezi, akingoja joto, mtikisiko wa hatua na pumzi ya kiumbe hai. Akisikia hivyo anatoka na njaa yake. Ndiyo maana mtu anahamia nyumba iliyokaa tupu muda mrefu, anafungua mlango tu, miguu inawaka.

Kwa hiyo @Kijito, inawezekana unachokiona kama msimu ni siku ya kuanguliwa. Unyevu na joto vimekutana, wote wamefunguka pamoja. Wewe unaanza dawa siku hiyo, wao walishajipanga tangu zamani.

#13 Nyuki_wa_Usiku
"Inawezekana". Naomba neno hilo lipigwe mstari.

#14 Paka3_Nyumba1
Naingia na la kwangu, maana naona matone yanatajwa tajwa na kuna watu wana paka na mbwa pamoja. DAWA YA MBWA USIMPAKE PAKA. Hata nusu. Hata robo.

Mimi nilifanya. Nilikuwa na mrija wa mbwa umebaki kidogo, nikasema paka ni mdogo, nitampa matone mawili. Baada ya saa kama nne hivi masikio yakaanza kucheza cheza, kisha ngozi ya mgongoni, kisha mwili mzima ukawa unatetemeka. Nilimwosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, nikamfunga taulo, mbio. Alilazwa siku mbili kwenye dripu. Alipona, lakini mpaka leo nikifungua mrija wowote anatoka chumbani, na mimi simlaumu.

#15 Benchi_la_Kliniki
Permethrini hiyo. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama la mbwa. Ulimwosha kwa maji ya uvuguvugu, hongera, wengi hutumia ya moto na dawa ikazidi kuingia. Na nyongeza: ukimpaka mbwa dawa yenye permethrini, mtenge na paka mpaka ikauke vizuri. Paka wanaolala mgongoni kwa mbwa wanadhurika bila mtu kuwapaka chochote.

Parasetamoli ni hivyo hivyo. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua paka.

#16 Mchunga_Mbuzi
Wakuu mnazunguka sana. Dawa ya sindano ya ng'ombe, ivermektini. Kidogo tu kwenye mkate, kupe, viroboto, utitiri, minyoo, vyote chali. Mbwa wangu wanne hawajawahi kujikuna.

#17 Fundi_Bomba
Sasa huyu ndiye aliyekuja na nyundo kuua mbu.

#18 Benchi_la_Kliniki
@Mchunga, bahati yako. Ile dawa ya ng'ombe imekolea. Ukikosea tone mbwa mdogo amepata mara nyingi ya anachohimili. Halafu kuna mbwa wa koo za kuchunga kondoo, Collie na ndugu zake, wengi wana hitilafu ya jeni inayoitwa MDR1. Dawa inapita mpaka kwenye ubongo, pale ambapo kwa mbwa mwingine ingezuiwa mlangoni. Anapofuka, anayumba, anazimia. Na chotara kama Radi nani anajua bibi yake alikuwa nani?

Tena kwa kiroboto haisaidii kitu, hiyo sifa umeipa bure.

#19 Mchunga_Mbuzi
Wangu ni mbwa wa mtaani wote, hawana bibi wa kigeni. Lakini nimesikia.

#20 Kijito_Baridi
Nimecheka na nimeogopa kwa pamoja. Sasa kama ni mwaka mzima, vipi hizi habari kwamba vidonge vya kutafuna vinaleta degedege?

#21 Benchi_la_Kliniki
Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu vidonge vya kundi la isoksazolini: baadhi ya mbwa na paka hupata mtetemeko, kuyumba au degedege. Hawakuviondoa sokoni, vimebaki na vinatumika sana. Mbwa aliyewahi kuwa na kifafa, mwambie daktari kwanza. Mwingine mzima, wengi wanavitumia bila tatizo. Hapo ni kupima hatari moja na nyingine, maana kupe naye analeta homa zake zinazoua.

#22 Nyuki_wa_Usiku
Ndiyo hoja yangu. Kwa nini nimpe mnyama sumu miezi kumi na miwili kwa mdudu ambaye sijamwona? Mimi nachana, nafua matandiko yake kwa maji ya moto kila wiki, nanyonya vumbi kwenye zulia kwa mashine. Dawa naitumia nikiona sababu.

#23 MkiaMfupi
Wewe unachana kila Jumapili. Mleta uzi yeye anachana kila Krismasi.

#24 Kijito_Baridi
Umeniona? 😂

#25 Theluji_Nyingi
Niliwahi kuishi nchi ya baridi kali miaka sita. Kule wote walikuwa wanasema "msimu wa baridi acha dawa". Tukaacha. Nje barafu, ndani tumewasha mitambo ya joto, viroboto wakatuzalia katikati ya theluji. Na kupe wa kule hahitaji joto kubwa, ikipita nyuzi 4 hivi tayari anatembea kwenye majani. Kuna siku kuliwaka jua kidogo katikati ya baridi, mbwa akarudi matembezini na watatu. Kwa hiyo hata huko kwenye misimu iliyonyooka, kalenda inadanganya.

#26 Fundi_Bomba
Kupe anatolewaje? Mzee wangu alikuwa anachoma kwa sigara.

#27 Benchi_la_Kliniki
Usichome, usipake mafuta ya taa wala vaselini. Ukimtesa anatapika alichonacho ndani ya mnyama. Shika kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, vuta polepole moja kwa moja, bila kukamua tumbo lake. Kisha safisha kidonda na mikono yako. Na angalia ndani ya masikio na katikati ya vidole. Yule kupe wa kahawia wa mbwa anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba, akipanda ukutani kama anapangisha.

#28 Sungura_Mweupe
Mbona hakuna aliyetaja upele? Mbwa wangu alikuwa anajikuna namna hiyo, tukapigana na viroboto miezi miwili, kumbe ni utitiri unaochimba chini ya ngozi. Kingo za masikio na viwiko vilikuwa na magamba. Dalili iliyotufumbua macho: mimi na mtoto tukaanza kuwashwa mikononi.

#29 Nyuki_wa_Usiku
Upele hauna kalenda. Haupoi wenyewe na kurudi mwakani na mvua.

#30 Sungura_Mweupe
Una uhakika gani? Labda kila mwaka anaambukizwa upya na mbwa yule yule wa jirani, nyasi zikirefuka wanaanza kutembeleana.

#31 MkiaMfupi
Hapo umetunga tamthilia.

#32 Mama_Wawili
Na chakula? Wa kwangu ilikuwa nyama ya ng'ombe. Tulimpa aina moja tu ya nyama ambayo hajawahi kula, wiki nane, bila kitu kingine hata mfupa wa kuokota. Akatulia. Tukarudisha ng'ombe, siku ya tatu kajikuna.

#33 Benchi_la_Kliniki
Jaribio lako mlifanya inavyotakiwa, hasa kule kurudisha. Wengi wanabadilisha chakula siku kumi na kutoa hukumu. Ila kwa Radi, anakula kitu kile kile mwaka mzima na anajikuna miezi miwili mitatu tu. Sikatai, naliweka chini kwenye orodha.

#34 Kijito_Baridi
Hapa niseme ukweli mmoja niliouficha. Msimu huo ndio tunamwogesha sana kwa sababu ya matope. Kila siku ya pili. Kwa shampuu ya mke wangu.

#35 MkiaMfupi
Na ukaficha mpaka posti ya 34!

#36 Mama_Wawili
Kaka, ngozi ya mbwa si kama yetu, asidi yake ni pungufu kuliko ya ngozi ya mtu. Shampuu yetu inamkausha. Tumia ya mbwa, usimwogeshe hivyo, na akitoka matopeni mpanguse nyayo kwa maji matupu, kausha mpaka katikati ya vidole. Unyevu ukikaa pale hamira (aina ya fangasi) inaota, inanuka, na anailamba.

#37 Nyuki_wa_Usiku
Kumpangusa nyayo kila akirudi kunatoa chavua pia. Sisemi kitu.

#38 Fundi_Bomba
Samahani natoka nje ya mada. Nina paka dume, kahasiwa. Tangu asubuhi anaingia kwenye trei ya mchanga, anachuchumaa, analia, anatoka. Kama mara kumi. Nadhani kafunga choo. Nimpe mafuta ya kula kidogo?

#39 Paka3_Nyumba1
Mchanga umelowa?

#40 Fundi_Bomba
Mkavu. Kuna tone moja la pinki.

#41 Paka3_Nyumba1
Hilo si choo, ni mkojo. Umeziba. Weka simu chini umpeleke SASA HIVI.

#42 Benchi_la_Kliniki
@Fundi_Bomba usimpe mafuta, usimkamue tumbo, usingoje kesho. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba, chembechembe au ute vinaiziba kabisa. Mkojo ukirudi nyuma, potasiamu inapanda kwenye damu na moyo unasimama. Tunahesabu saa hapa, hatuhesabu siku. Wapigie ukiwa njiani useme "paka dume hakojoi", watajua.

#43 MkiaMfupi
Fundi bomba paka kaziba bomba. Nenda kaka, tutacheka ukirudi.

#44 Babu_Kasuku
Tukimngoja fundi, nami niseme la ndege kwa kuwa jina langu ni hilo. Mwenye kasuku au ndege mwingine ndani, kikaango kile kisichogandisha chakula ukikisahau motoni kikiwa kitupu, kinatoa moshi ambao wewe hata huusikii. Ndege anaanguka kwenye kijiti ndani ya dakika chache. Mapafu yake yanavuta hewa kwa namna nyingine, kila sumu inapita yote. Nilimpoteza mmoja hivyo. Sasa jikoni kwangu hakuna kikaango cha namna hiyo.

#45 Sungura_Mweupe
Pole babu. Sungura naye asipokula nusu siku ni dharura, msingoje. Watu hudhani anafunga.

#46 Paka3_Nyumba1
Na maua ya yungiyungi, yale marefu ya kwenye shada, Lilium. Figo za paka zinakufa. Chavua aliyoilamba kwenye manyoya yake inatosha, hata maji ya chombo cha maua. Mtu akiniletea shada nalichambua mlangoni.

#47 Nyuki_wa_Usiku
Mnaona? Chavua.

#48 MkiaMfupi
😂😂 Huyu mtu hajakata tamaa.

#49 Mchunga_Mbuzi
Swali la haraka. Mbwa asiyetoka uani anahitaji chanjo kweli?

#50 Benchi_la_Kliniki
Ndiyo. Parvo, ugonjwa wa mbwa wa kuhara damu, inaingia na kiatu chako, virusi vyake vinakaa kwenye udongo miezi, hata mwaka. Kichaa cha mbwa kinaingia na mnyama mgeni atakayeruka uzio usiku mmoja. Dalili zikianza, hakuna dawa, kwa mbwa wala kwa mtu. Na mtu akiumwa na mbwa asiyemjua, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni mchubuko.

#51 Fundi_Bomba
Nimerudi. Alikuwa ameziba kabisa. Wamempitisha mrija, mkojo umetoka mwekundu kama chai ya hibiska. Amelazwa. Daktari kaniambia ningengoja mpaka kesho jioni nisingemkuta. Sina maneno. @Paka3 na @Benchi, Mungu awabariki.

#52 Paka3_Nyumba1
Alhamdulillah. Akirudi mnyweshe maji kwa hila: mabakuli mengi, chakula chenye majimaji. Huweza kurudia, hasa wiki za mwanzo. Mchunguze trei kila siku.

#53 Kijito_Baridi
Uzi wangu umeokoa paka, sijui nijivune? Haya, majibu ya karatasi. Wiki mbili nyuma nilimchana: vidoa sita, vinne vikatoa wekundu.

#54 MkiaMfupi
NILISEMA. Posti namba 2. Mnione.

#55 Kijito_Baridi
Ngoja. Nikampaka dawa, nikafua kila kitu, nikanyonya vumbi mpaka chini ya friji. Shampuu ya mama nimeiacha. Leo ni wiki ya pili: vidoa kwenye karatasi vimebaki vyeusi mara tatu mfululizo. Mkia ameuacha kabisa, manyoya yanachipua. Lakini nyayo bado analamba, tena mbele zaidi kuliko nyuma.

#56 Nyuki_wa_Usiku
Sitaki kusema kitu. Naomba tu watu wasome posti namba 3.

#57 Benchi_la_Kliniki
Mbwa mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, au vitatu. Mwasho ni kama ndoo: chavua inajaza nusu, ukavu wa ngozi unaongeza, kiroboto mmoja anaimwaga. Ukimwondoa kiroboto ndoo inashuka, haijawa tupu. Au ni hamira ya unyevu kama alivyosema Mama_Wawili. Mpeleke akakwanguliwe kati ya vidole waangalie kwa hadubini.

#58 Sungura_Mweupe
Waambie wakwangue na kingo za masikio. Utitiri sijausamehe.

#59 Mama_Wawili
Na dawa, umeamua mwaka mzima?

#60 Kijito_Baridi
Mke wangu ameshasoma uzi wote, kwa hiyo sina la kuamua. Naona kaandika tarehe za dawa kwenye kalenda ya ukutani, moja kila mwezi, zote kumi na mbili. Mbwa yuko miguuni pangu hapa, kamaliza nyayo zake, sasa analamba soksi yangu.

#61 MkiaMfupi
Soksi nayo ina chavua.